Frigo imekufa, je, insulini imekuwa sumu?

SWALI: Dokta, mwanangu wa miaka 11 ana kisukari, anachomwa insulini mara mbili kwa siku. Hapa Kadutu umeme unakuja usiku tu, siku nyingine hauji kabisa, na frigo ya jirani imekufa. Mtu mmoja ananiambia insulini ikikaa nje inageuka sumu, tena inazoesha mwili. Ananiuzia majani ya dola 40 ili mtoto aache sindano. Nifanye nini? (Mama wa Bukavu)

JIBU: Mama, la frigo tulimalize haraka. Kichupa kilichofunguliwa kinakaa nje wiki nne, mradi joto lisipite digrii 30, na Bukavu ni nadra tufike huko. Andika tarehe ya kukifungua. Vilivyofungwa viweke kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, mbali na mbabula, lile jiko la makaa. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya kipimo kilichoiga joto la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Kenya: wiki nne kati ya digrii 25 na 37, na insulini ilibaki na nguvu yake. Barafu ndiyo mbaya. Ikiganda hata mara moja, itupe.

Sasa hayo majani. Hapa ndipo ninapochoka. Eti “inazoesha”! Kongosho la mtoto wako, kiungo cha tumboni kinachotengeneza insulini, halitengenezi tena. Sindano inamrudishia kile alichopoteza, basi. Najua uvumi unakotoka. Mzee mwenye kisukari cha ukubwani anafikishiwa sindano figo zimeshachoka na mguu umeoza. Akifa mwezi unaofuata, matangani wanasema sindano imemmaliza.

Januari 1922, huko Toronto, kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alikuwa mgonjwa wa kwanza kuchomwa insulini. Kabla ya hapo mtoto kama wako alikuwa wa kusubiri kuzikwa. Wagunduzi waliuza haki zao kwa chuo kikuu kwa dola 1 kila mmoja, ili dawa isiwe ya matajiri. Leo kampuni tatu, Novo Nordisk, Eli Lilly na Sanofi, zinashika karibu soko lote la dunia, na zaidi ya miaka mia baadaye mama wa Kadutu bado anahangaikia kichupa. Kwenye pengo hilo ndipo muuza majani anatandika meza yake. Muulize kipimo chake cha sukari kiko wapi.

Mtoto akiachishwa sindano, ni suala la siku. Anakunywa maji na kukojoa bila kukoma, anatapika, anahema kama aliyepanda mlima na gunia la makala, pumzi inanuka tunda lililoiva kupita kiasi. Majirani watasema malaria. Wengine watasema karuho, yaani ametiliwa sumu, wampeleke kwa mtu wa kumtapisha. Nimepokea watoto waliopitishwa kote huko kabla ya yeyote kuwatoboa kidole, na si wote walioamka.

Kwa hiyo, hata ninyi msio na kisukari nyumbani: mtoto anayekojoa sana na kutapika apimwe sukari, tone moja la damu, sekunde chache. Ukiona muuguzi anatundika serumu (dripu) ya kinini, dawa ya malaria, bila kupima, mshike mkono, umwambie apime kwanza.