Usinunue sensa kabla hujapima waya wake

"Fundi, pampu imechoka." Ndivyo opereta alivyonipokea, akimaanisha pampu ya haidroliki, na ungeitazama eskaveta ile ya tani 20 ikifanya kazi ungekubaliana naye. Ikichimba taratibu ilikuwa sawa, lakini akiinua bumu, yaani mkono mkuu wa mashine, huku anazunguka, mizunguko ya injini ilishuka na mashine nzima ikawa nzito. Moshi mweusi haukutoka. Hapo ndipo nilipoiacha pampu kwanza, maana injini iliyozidiwa na pampu huku inapewa mafuta yote mara nyingi hutoa moshi. Hii ilionekana inanyimwa mafuta.

Nikafungua skrini ya hitilafu nikakuta msimbo wenye namba mbili, SPN 102 na FMI 4: sensa ya mgandamizo wa hewa inayotoka kwenye turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa. Kompyuta ya injini ikikosa taarifa ya hewa, hupunguza mafuta ili kujilinda, na opereta huuhisi upungufu huo kwenye bumu na ndoo. Ndiyo maana pampu nyingi nzima hufunguliwa bure.

Mwenye mashine alikuwa ameshabadilisha sensa hiyo. Nikadhani aliuziwa mbovu, nikamwagiza nyingine. Tukaifunga, nikafuta msimbo, mashine ikafanya kazi siku mbili, kisha tatizo likarudi vilevile. Sensa ya pili ilikuwa kosa langu, na linaniuma hadi leo kwa sababu msimbo wenyewe ulikuwa umeshaniambia pa kutazama.

Msimbo hautaji kifaa kilichokufa. Unataja njia: sensa, waya, soketi, pini na mlango wa kompyuta, vyote pamoja. SPN inakuambia ni njia ipi, na FMI inakuambia kasoro ni ya namna gani. Mafundi wengi husoma namba ya kwanza wakakimbilia duka la vipuri, ilhali namba ya pili ndiyo yenye kazi. FMI 3 ni volti kuzidi kiwango, FMI 4 ni volti kushuka chini ya kiwango, FMI 5 kwa kawaida ni njia iliyokatika, na FMI 2 ni taarifa inayorukaruka au isiyoaminika. Hizo zote zinakupeleka kwenye umeme.

FMI 0 na FMI 1 ni jambo jingine kabisa. Hapo kompyuta inaiamini sensa, na inasema kipimo chenyewe kimepanda au kimeshuka kwa hatari. SPN 100 ni mgandamizo wa oili ya injini. Ikija na FMI 4, shika multimita, kile kipimo cha umeme. Ikija na FMI 1, zima injini mara moja, angalia oili, halafu funga geji ya mkono kwenye tundu la sensa uone mgandamizo halisi kabla ya kumruhusu mtu yeyote kuendelea na kazi. Tafadhali usilipuuze hili. Ukisema "ni sensa tu" siku ambayo oili kweli haipandi, utaua kranki, shafti kuu ya injini.

Sasa vipimo. Sensa nyingi za mgandamizo zina nyaya tatu: volti 5 kutoka kwenye kompyuta, ethi (waya hasi), na waya wa ishara unaorudisha kipimo. Ishara ya sensa nzima kwa kawaida hutembea kati ya volti 0.5 na 4.5. Chomoa soketi, washa swichi bila kuwasha injini, upime upande wa waya. Volti 5 zipo? Ethi ipo kweli? Kama volti 5 hazipo, usiilaumu sensa iliyo mbele yako. Volti hizo mara nyingi hugawanywa kwa sensa kadhaa, na moja ikipiga shoti ndani inaziangusha zote. Ndiyo sababu wakati mwingine misimbo mitatu au minne hujitokeza kwa mpigo. Acha multimita pale pale, kisha chomoa sensa nyingine moja baada ya nyingine. Volti zikirudi, umeshampata mhusika. Zisiporudi baada ya zote kuchomolewa, shoti iko kwenye nyaya au ndani ya kompyuta.

Sensa za joto zenye nyaya mbili ni rahisi zaidi. Ukinzani wake hushuka joto linapopanda. Ukiichomoa, kipimo kwenye skrini kinapaswa kukimbilia baridi ya kupindukia, mara nyingi nyuzi -40. Ukiunganisha nyaya zake mbili kwa kipande cha waya, kikimbilie joto la kupindukia. Kikitii hivyo, nyaya na kompyuta ni nzima, na hapo una haki ya kununua sensa. Usijaribu kuunganisha hivyo kwenye sensa ya nyaya tatu, utapiga shoti volti 5.

Kipimo ninachokipenda zaidi hakihitaji hata multimita. Mashine ikiwa imelala usiku kucha, washa swichi tu usome joto la maji, la hewa inayoingia, la mafuta na la oili ya haidroliki. Vyote vimepoa pamoja, kwa hiyo vinapaswa kukaribiana. Kimoja kikiwa mbali na wenzake kwa nyuzi 15 au 20, hicho kinadanganya, hata kama msimbo haujatokea. Hata sensa ya hewa ya turbo, ikiwa ni ile inayopima mgandamizo kamili, injini ikiwa imezimwa inapaswa kusoma mgandamizo wa hewa ya kawaida, karibu kilopaskali 100 usawa wa bahari.

Usichome waya kwa sindano ili upime. Tundu hilo huingiza maji, na baada ya miezi shaba inaliwa ndani huku ganda la nje likiwa zuri. Kwenye soketi tafuta ukijani, oili iliyopanda na waya, na pini zilizolegea. Mashine iliyooshwa kwa maji ya nguvu jana na kuleta msimbo leo, anzia hapo.

Kwa hitilafu inayokuja na kuondoka, shusha bumu chini, funga lever ya usalama, mwenzako akae kwenye kabini atazame kipimo huku wewe unatikisa nyaya kipande kwa kipande. Kaa mbali na feni na mkanda. Usilegeze bomba lolote la mafuta ya komon reli, ule mfumo wa kuingiza dizeli kwa mgandamizo mkubwa, injini ikiwa inazunguka. Mgandamizo wa mle unaweza kupita baa 1,600, na mafuta yake hupenya ngozi.

Hivyo ndivyo tulivyoikamata ile ya kwangu. Nilipofika kwenye kibano kilicho nyuma ya injini, mwenzangu akapiga kelele kwamba kipimo kimeanguka. Nikafungua kibano. Waya wa ishara ulikuwa umesuguliwa hadi shaba, na injini ikitikisika chini ya mzigo ulikuwa unagusa chuma. Hakuna sensa mpya ambayo ingetibu jambo hilo. Tuliunga waya, tukauvisha mpira, tukahamisha kibano, kisha opereta akachimba saa nzima kwa nguvu zote injini ikiwa moto, maana kufuta msimbo na kuwasha injini bila mzigo hakuthibitishi kitu. Mgandamizo ulipanda na kushuka bila kukatika.

Baadaye nikaomba ile sensa ya kwanza kabisa, iliyotolewa ikidhaniwa imekufa. Nikaifunga, ikasoma sawasawa, na ndiyo iliyomo kwenye mashine mpaka sasa.