Mtindi Unaokunywa, Bakteria Wake Wanafika Hai?

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nimenunua vidonge vya probayotiki kwa bei ya kuumiza. Nameza kila asubuhi na chai ya moto kabla sijala kitu, na tumbo ni lile lile." Niliumia kusoma, maana probayotiki ni vijidudu hai vyenye faida kwa tumbo, na hela yake inateketea ndani ya kikombe cha chai.

Mimi yangu yalianza na taifodi. Antibayotiki ziliiondoa, lakini zikaniachia tumbo la kuharisha na gesi isiyokwisha. Nilipomwambia mhudumu wa kituo nilikotibiwa kwamba nataka kuanza mtindi, alicheka mbele ya wagonjwa wenzangu, akasema hayo ni maziwa yaliyoharibika. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo. Na hapo tulikuwa Mwanza, mji ambao akina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza mwaka 2004 kutengeneza mtindi wenye bakteria Lactobacillus rhamnosus GR-1, wakishirikiana na wataalamu wa chuo kikuu cha Western cha Kanada na watafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu! Nilianza kunywa kikombe pamoja na chakula cha mchana, kila siku, na tumbo likatulia. Leo nakula maharage bila hofu, na kila anayeniuliza namwambia kwa kifua mbele.

Sasa sikilizeni. Tumbo tupu lina asidi kali, pH yake (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) huwa kati ya 1 na 3, na bakteria wengi hufia hapo. Wanaopona wanakutana na nyongo kwenye utumbo mwembamba. Chakula kikiwemo, asidi hupungua makali kwa muda, na mafuta kidogo huwakinga zaidi. Kwa hiyo kunywa mtindi au meza kidonge pamoja na mlo, au muda mfupi kabla yake: uji wa maziwa, mayai, parachichi. Pamoja na mlo, narudia. Na chai ya moto iache kabisa, joto la nyuzi 60 huwaua wengi. Togwa nayo ukishaichachusha usiirudishe jikoni.

Ukiwa kwenye dozi ya antibayotiki, imalize, ila acha angalau saa mbili kati yake na mtindi. Kuna pia probayotiki iitwayo Saccharomyces boulardii, ambaye ni jamii ya hamira na wala si bakteria, kwa hiyo antibayotiki hazimuui.

Halafu walisheni bakteria hao! Tunataka miujiza huku sahani zetu ni chipsi na soda. Vitunguu, maharage, ndizi mbichi za kupika, wali au ugali uliopoa, vyote vina sehemu isiyomeng'enywa kwenye utumbo mwembamba, ikafika utumbo mpana ikawa chakula chao. Na msinywe wiki moja mkaacha. Wengi wa bakteria hawa hawaweki makazi ya kudumu, ukiacha wanatoka taratibu. Ndugu zangu, mwili hauhongwi kwa siku mbili.

Kabla ya kulipa, soma lebo: tarehe ya mwisho, jina la bakteria, na kama mtindi ulipashwa moto baada ya kuganda, kwa sababu huo hauna tena bakteria hai. Mwenye kinga dhaifu sana, au mwenye mtoto njiti, amuulize daktari wake kwanza kabla ya kununua vidonge hivi.