Kwa mnaoanza kutafuta jongoo Mwanza

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya viumbe wa udongoni, anzeni kusoma mahali kabla ya kumsaka mdudu. Ganda la jongoo halizuii maji vizuri na matundu yake ya kupumulia hayafungi, kwa hiyo jua letu linamkausha upesi. Saa sita mchana juu ya majabali ya Capri Point mtatoka jasho bure. Nendeni asubuhi, mvua za vuli au masika zikiwa zimenyesha, mfunue majani yaliyorundikana kwenye nyufa za mawe na magogo yanayooza.

Utambuzi ndio unaowasumbua wengi. Mkikuta mdudu amejifunga tufe kamili, msikimbilie kuandika kwamba ni jongoo-kidonge, yaani jongoo anayejifunga tufe kama kidonge. Hao wana kwao. Wadogo, Glomerida, wako hasa Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, wakiishi kwenye majani makavu ya misitu yenye unyevu. Wakubwa, Sphaerotheriida, wako kusini mwa Afrika, Madagaska, kusini na kusini-mashariki mwa Asia, hadi Australia. Mliyemshika anaweza kuwa mdudu mdogo wa jamii ya kaa anayeishi nchi kavu, naye hujifunga vilevile. Mwacheni ajifungue mwenyewe, mhesabu miguu: huyo wa jamii ya kaa ana jozi 7, jongoo-kidonge mzima ana jozi 17 au zaidi. Jongoo wetu mrefu hajifungi tufe. Hujikunja bapa kama ngata.

Tandu msimchezee. Ana jozi moja ya miguu kwa kila pingili, anakimbia, na anauma kwa sumu. Jongoo ana jozi mbili kwa pingili nyingi na haumi, ila majimaji yake huacha doa kwenye ngozi na huwasha macho vibaya. Vaeni glavu.

Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Katika kazi hii nawaomba mfanye kinyume: gogo mliloligeuza lirudisheni lilivyokuwa, upande uleule chini, maana kivuli na unyevu wake ndiyo nyumba na chakula cha jongoo. Inaniuma sana kukuta magogo yameachwa chali.

Visiwa vya Saanane na Rubondo ni hifadhi za taifa. Ombeni kibali mapema, na msichukue hata jani kabla hakijatoka.