Re: Hedhi siku tisa, traneksamiki haijasaidia

Salaam dada wa Chumbageni. Umesema damu inatoka siku tisa na mabonge, umekunywa kidonge kimoja kwa siku cha traneksamiki, dawa ya kupunguza damu, hakuna nafuu.

Kwanza pima mimba kwa mkojo, hata kama una uhakika huna. Mimba inayotishia kutoka huonekana kama hedhi nzito. Pili, pima kiwango cha damu mwilini na ufanyiwe ultrasaundi: uvimbe kwenye kizazi ni sababu ya kawaida sana. Una kitanzi cha shaba? Hicho nacho huongeza damu.

Dozi yako ni ndogo mno. Vidonge vya miligramu 500 hunywewa viwili, mara tatu kwa siku, kuanzia damu inapokuwa nzito, kwa muda usiozidi siku nne. Ukianzia siku ya sita umechelewa, na kunywa siku ambazo hakuna damu ni kupoteza hela tu. Usiguse kabisa kama umewahi kuganda damu mguuni au kwenye mapafu. Ukiwa na shida ya figo, au unatumia vidonge vya majira, mwambie daktari kabla.

Kama kuna maumivu, ibuprofeni baada ya kula husaidia maumivu na damu pia, ila si kwa mwenye vidonda vya tumbo.

Kama unatumia vidonge vya madini ya chuma, usivishushie na chai. Acha angalau saa moja.

Pedi ikiloa kila saa, saa mbili mfululizo, au ukisikia kizunguzungu, nenda hospitali ya Bombo usiku huohuo. Bila kipimo siwezi kukuambia chanzo.