Kaka anakuja Ujiji na pampu ya moyo: andaeni soketi kabla ya pilau

Dada mmoja wa Ujiji ameniandikia. Kaka yake aliyeko Marekani miaka mingi amewekewa pampu ya moyo, HeartMate 3, na sasa anataka kuja kwa arobaini ya mama yao. Swali la dada lilikuwa na maneno mawili: "Tumwandalie nini?" Jibu limekuwa refu kuliko meseji, basi nimelileta hapa. Dada yangu, soma pole pole, kisha wasomee na wale watakaolala nyumba moja naye.

Kwanza muwe na picha sahihi. Kwetu mtu akisema ana chombo cha moyo, watu hufikiria betri ya moyo, ile inayowekwa chini ya ngozi karibu na mtulinga. Betri ile huukumbusha moyo kupiga, haisukumi damu. Pampu ya kaka yenu inasukuma. Imeshonewa kwenye ncha ya moyo, inavuta damu kutoka chumba cha chini cha kushoto na kuipeleka kwa bomba hadi kwenye mshipa mkuu, aota. Ndani yake kuna rota ndogo inayoelea kwa nguvu ya sumaku bila kugusa ukuta, na kwa wagonjwa wengi inazunguka mara 5000 hadi 6000 kwa dakika. Inakula umeme kidogo, wati nne au tano hivi. Lakini hizo wati nne zinatoka nje ya mwili. Waya mmoja unatokeza kwenye ngozi ya tumbo, unaingia kwenye kontrola, kompyuta ndogo inayoiendesha pampu, anayoivaa kiunoni, na kutoka hapo nyaya mbili zinakwenda kwenye chanzo cha umeme. Umeme ukikosekana kabisa pampu inasimama, na kwa kuwa haina vali, damu ya kwenye aota inarudi nyuma moyoni.

Mwaka 1982 Barney Clark, wa kwanza kuwekewa moyo bandia wa kudumu kule Utah, aliishi siku 112 akiwa amefungwa kwa mipira kwenye mtambo wa hewa mzito kuliko yeye. Kaka yenu atashuka uwanja wa ndege akiwa na begi tu. Ndiyo hatari yenyewe: ataonekana mzima, na watu watamzoea haraka.

Sasa umeme, na hapa nitakaa sana. Ana njia mbili za kuulisha ule mtambo. Mchana huvaa betri mbili za volti 14, moja kwa kila waya. Jozi mpya iliyojaa hudumu hadi saa 17, lakini betri zilizotumika hupungua, kwa hiyo pangeni ratiba kwa saa 10 au 12, nyingine iwe akiba. Wengi hupewa betri nane, yaani jozi nne. Chaja inachukua nne kwa mpigo na inaweza kuhitaji saa nne kuzijaza. Usiku akilala anatakiwa kuwa kwenye kifaa cha ukutani, si kwenye betri, kwa sababu aliyelala fofofo anaweza asisikie king'ora cha betri inayokwisha.

Kifaa hicho cha ukutani ndicho kitakachowatoa jasho. Aombe mapema kutoka hospitali yake waya wenye plagi ya pini tatu za bapa kama zetu, wa volti 230. Kisichomekwe kwenye ekstensheni, wala kwenye adapta ya kununua sokoni. Soketi isipofika kitandani, sogezeni kitanda, msisogeze umeme. Halafu kuna jambo ambalo maelekezo ya Marekani hayalioni sawasawa: wao wanaambiwa wasitumie soketi yenye swichi, na sisi karibu kila soketi ina swichi. Mtoto atapita, atabonyeza. Basi washeni, kisha mfunike swichi kwa plasta ngumu, muandike juu yake kwa kalamu nyekundu. Mwiteni fundi aangalie ethi: iwe imefungwa kweli hadi ardhini, isiwe lile tundu la tatu la urembo. Kama mnaogopa umeme unaopanda na kushuka, kinga iwekwe kwenye ubao mkuu wa nyumba, si kwenye plagi ya kaka.

LUKU isiishe usiku. Naomba radhi kwa kulisema jambo la kitoto, lakini nyumba ngapi Mwanga na Gungu zinalala giza kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake amenunua? Wekeni uniti za mwezi mzima kabla hajafika.

Umeme ukikatika akiwa kwenye ukuta, kontrola inalia na inahamia kwenye betri yake ndogo ya ndani, ambayo inatosha dakika 15 tu kwa uhakika. Hizo ni za kuhamia kwenye betri kubwa, si za kutafuta tochi. Kwa hiyo kando ya mto wake kila usiku: betri mbili zilizojaa, vishikio vyake, tochi. Kuhama ni waya mmoja kwanza, ukishakaa, ndipo wa pili. Kamwe zisitolewe zote mbili kwa pamoja. Watu wawili wa nyumbani wajifunze kwa mikono yao mchana, yeye akiwa ameketi, warudie mpaka waweze gizani. Jenereta au sola yenye inveta nzuri iwe ya kuchajia betri umeme ukikatika siku nzima. Na betri zisiachwe ndani ya gari juani. Zina kikomo cha nyuzi joto 40, na gari lililofungwa pale stendi ya Masanga linapita hapo bila shida.

Kontrola ya pili ya akiba iende naye kila aendapo, hata msikitini. Ikiachwa nyumbani ni kama haipo.

Jambo la pili litawatisha. Huyu mtu huenda asiwe na mapigo mkononi. Damu inapita mfululizo kama maji ya bomba, kwa hiyo ukimshika kifundo cha mkono unaweza usikute kitu, mashine ya presha ya kujipima ikaandika kosa, na kile cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kikatoa namba ya uongo. Muuguzi asiyejua anaweza kusema amekufa na mwenyewe anaomba chai. Presha yake hupimwa kwa mkanda wa presha wa kawaida pamoja na dopla ya mishipa, kifaa kidogo cha kusikilizia damu ikipita: unajaza, unaachia taratibu, sauti ya kwanza ndiyo namba yake. Hospitali nyingi zinataka iwe kati ya 70 na 90, nyingine hazipendi ipite 85. Kile cha kliniki ya wajawazito cha kumsikiliza mtoto tumboni hakikutengenezwa kwa mishipa ya mkono, hivyo aje na dopla yake.

Akizimia, mtu aweke sikio upande wa kushoto wa kifua chini ya chuchu. Mvumo upo? Pampu inafanya kazi, tafuteni sababu nyingine: anapumua, sukari ikoje, mdomo umekwenda upande? Kiharusi kinawapata hawa. Mvumo haupo? Waya wa pampu kwenye kontrola, nyaya mbili za umeme, kisha kontrola ya akiba, kwa mpangilio huo. Muandike saa iliposimama, maana damu iliyotuama huganda na daktari wake atauliza. Yote yakishindikana na hapumui, mkandamizeni kifua. Zamani watu walikatazwa kwa hofu ya kung'oa bomba, lakini mwongozo wa Shirika la Moyo la Marekani wa 2017 unaruhusu pale ambapo damu haizunguki.

King'ora chenye alama ya moyo mwekundu kwenye kontrola maana yake mtiririko umeshuka chini ya lita 2.5 kwa dakika, au pampu imesimama. Pampu ikiwa inavuma, mara nyingi ni moja kati ya mawili: damu inayoingia ni kidogo, au njia ya kutokea imebanwa na presha iliyopanda. Kwa Kigoma ningelishuku la kwanza, yaani jua, jasho, kuharisha siku mbili. Moyo ukiwa mtupu pampu huvuta hadi ukuta wake. ORS mapema, na dawa ya kukojoza isiendelee kunywewa kwa mazoea bila kumpigia daktari.

Dawa. Anatumia wafarini ili damu isigande kwenye pampu, na INR yake, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, inatakiwa kati ya 2 na 3. Hapa ndipo ndugu wenye upendo huua. Akisema kichwa kinamuuma, mtu anakimbilia duka la dawa na kurudi na Diclopar, yenye diklofenaki inayozidisha hatari ya kuvuja damu. Hapana. Panado inatosha. Septrin, Flagyl, siprofloksasini na flukonazoli hupandisha INR, na rifampisini ya kifua kikuu huishusha vibaya. Malaria itibiwe, tena haraka, kwa kipimo na dawa ya mseto, na INR ipimwe siku ya tatu. Sindano ya makalio asichomwe: damu itavujia ndani ya nyama. Choo cheusi kama lami ni damu ya tumbo, ni hospitali siku hiyo hiyo. Matembele, kisamvu, mchicha ale, ila kiasi kile kile kila siku. Shida ni kushinda wiki bila mboga kisha kula sufuria zima siku ya arobaini. Migebuka mibichi ni sawa; dagaa wa chumvi waachieni wenye mioyo yao. Na zile chupa za mizizi, hata mzee wa ukoo akikasirika, zisiingie chumbani.

Waya wa tumboni. Kidonda pale unapotokea hakifungi kabisa maisha yote, ni mlango wa vijidudu. Kusafishwa ni kwa glovu safi zilizofungwa, barakoa kwa wote wawili, klorheksidini (dawa ya kuua vijidudu), iachwe ikauke yenyewe, shashi kavu, kisha waya ubanwe ngozini ili usivutwe. Asipake poda wala mafuta. Jasho likilowesha shashi, ibadilishwe, hata kama ratiba yake ni ya mara moja kwa wiki. Aje na vifaa mara mbili ya anavyodhani. Ziwani asiingie, hata magoti, na safari ya mtumbwi wa kwenda Mwamgongo kuwaona mashangazi ife kabisa. Kutawadha hakugusi tumbo, kwa hiyo hakuna tatizo. Kwenye sijda kontrola inaweza kuchomoka na kudondoka ikauvuta waya, basi iwe kwenye mkanda uliokaza, au aswali kwenye kiti. Watoto wasimrukie mapajani. Bodaboda, hapana.

Safari: Dar hadi Kigoma apande ndege, si basi. Betri, chaja na kontrola ya akiba vyote kwenye begi la mkononi, na barua ya daktari juu kabisa. Kipimo chake cha INR cha kidole kije pia. Vile vikaratasi vyake havitaki joto kupita nyuzi 30, kwa hiyo viwekwe chumba chenye ubaridi.

Wiki moja kabla, dada, nenda hospitali ya Maweni na nakala ya barua hiyo, umwone daktari wa zamu wa wagonjwa wa ndani, umweleze mambo matatu: huenda asiwe na mapigo, asiingizwe kwenye mashine ya MRI, asichomwe sindano ya nyama. Muulize rufaa ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete inaanzia kwa nani usiku. Vipuri vya pampu hii Kigoma hakuna. Simu ya hospitali yake ya Marekani ibandikwe ukutani juu ya ile soketi, ikiwa na +1 mbele, maana saa tisa usiku hakuna atakayekumbuka kuiongeza.