Safari ya Mirihi: msihofu chakula, tazameni vipuri

Ndugu uliyeuliza kwa nini wasiunde roketi moja kubwa, wakaijaza chakula cha miaka mitatu, watu wakaenda zao Mirihi: mimi nimefanya kazi muda mrefu kwenye stoo ya kampuni inayopelekea meli mahitaji yao hapa bandarini Kilindini, Mombasa, kwa hiyo nakujibu kwa upande ninaoujua. Meli nilizoziona zimekwama, zilikwama kwa kipuri. Sijaona hata moja iliyokwama kwa unga.

Chakula kina hesabu yake. Unajua watu wangapi, siku ngapi, unazidisha, unaongeza na cha akiba. Maji nayo yana nafuu: kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, mwaka 2023 mitambo ilifikia kurejesha takriban asilimia 98 ya maji, jasho na mkojo humo humo. Ila mtambo huo una pampu, vali na vichujio, na hakuna fundi awezaye kukwambia mapema ni kipi kitakufa kwanza.

Kuna meli ya mizigo ilitia nanga nje ikaagiza oringi, yaani pete za mpira za kuzuia uvujaji, za pampu ya kupozea injini. Tulipopanda, fundi wao alinifungulia sanduku lake la vipuri. Limejaa oringi mpya, nyingine bado ziko kwenye vifuko vyake, hazijaguswa. Zote ni za pampu ya pili, ile nzima! Pampu mbili zimekaa ubavu kwa ubavu, kazi yao moja, lakini kila moja ina mtengenezaji wake, na oringi ya hii ukiitia kwenye ile inapwaya. Tulizunguka maduka ya Shimanzi hadi Changamwe tukapata. Mwenye kuharibikiwa Mirihi atazunguka wapi? Nafasi nzuri ya kurusha chombo kwenda huko hupatikana takriban kila miezi 26, na njiani ni miezi sita hadi tisa.

Jambo hili limeshawafika wanaanga. Aprili 1970, tangi la oksijeni la Apollo 13, chombo cha Marekani kilichokuwa njiani kwenda Mwezini, lilipolipuka, watu watatu walihamia kwenye chombo cha kutulia Mwezini, kilichoundwa kwa ajili ya wawili. Hewa ukaa ikaanza kupanda. Makopo ya kuisafisha yalikuwepo ya kutosha kwenye chombo kikuu, lakini yale yalikuwa ya mraba, na matundu ya chombo walichokimbilia yalikuwa ya duara. Waliokolewa na mifuko ya plastiki, makaratasi magumu, mabomba ya mavazi yao na gundi ya utepe, kwa maelekezo ya waongozaji wa safari waliokuwa Houston, Marekani. Stoo yao haikuwa tupu. Vitu havikuingiliana, basi.

Wabebaji wa mizigo ya angani, hao wawe wengi na tofauti. Hapo sina ubishi. Kati ya Oktoba 2014 na Juni 2015 kile Kituo cha Anga kilipoteza shehena tatu, za vyombo vya mizigo vya Cygnus, Progress na Dragon, kila moja kwa hitilafu yake. Waliokuwa juu hawakulala njaa, kwa sababu akiba ya miezi ilikuwepo na Progress nyingine ilifika mapema Julai. Angekuwepo mbebaji mmoja tu, hali ingekuwa nyingine kabisa: baada ya ajali ya Columbia, chombo cha Marekani cha kubeba watu na mizigo, mwaka 2003, vyombo wenzake viliposimamishwa, ilibidi wakazi wa kituo wapunguzwe kutoka watatu hadi wawili, na wakakaa hivyo hadi 2006.

Kwa hiyo wabebaji mbalimbali, vipimo vimoja. Nchi washirika wa kituo zilianza vizuri: mwaka 2010 walitangaza kipimo kimoja cha mlango wa kuunganishia vyombo. Adapta ya kwanza ya mlango huo ilipotea na ile Dragon ya Juni 2015, nyingine ikafika Julai 2016. Huo ni mlango. Mimi ningependa makubaliano hayo yaingie hadi ndani, kwenye pampu, vichujio, skrubu na oringi, za chombo cha safari, nyumba ya kukaa na gari la kutembelea, na waundaji wakalishwe meza moja kabla hata ya kubishania roketi ibebe tani ngapi.