Kabla Hujatundikiwa Dripu ya Rituximab kwa Ajili ya MS

Kama una MS (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo) na dawa mpya huzimudu, muulize daktari wako wa mishipa ya fahamu kuhusu rituximab. Ni dawa ya zamani ya saratani ya limfu, lakini utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2022 uliishindanisha na vidonge vya dimethili fumareti kwa wagonjwa 200. Ndani ya miaka 2, ugonjwa uliwarudia kwa kishindo asilimia 3 ya waliopewa rituximab. Waliomeza vidonge, asilimia 16. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu za MS. Tuliingoja sana habari hiyo, maana hospitali nyingi zinazotibu saratani tayari zina dawa hii.

Mambo huharibikia kwenye maandalizi. Rituximab huangamiza seli B za kinga, na kirusi cha homa ya ini B kilichokuwa kimelala kinaweza kuamka hadi ini likashindwa kazi. Wengi hupimwa HBsAg (alama ya kirusi hicho kwenye damu) peke yake, ikitoka hasi wanaambiwa wako salama. Si kweli. Aliyeambukizwa zamani anaweza kuwa na HBsAg hasi huku kirusi kimejificha ndani ya ini. Kinachomfichua ni kipimo cha anti-HBc, yaani kingamwili zinazobaki baada ya maambukizi. Hakikisha vyote viwili vimeandikwa kwenye fomu ya maabara, pamoja na VVU, kifua kikuu na IgG (kiwango cha kingamwili kwenye damu). Chanjo zenye vimelea hai, kama ya homa ya manjano, zizungumzieni mapema: zikihitajika, ziwe angalau wiki 4 kabla ya dripu.

Siku yenyewe, uliza kwanza kama umeze dawa ya presha, kwa sababu dripu huweza kuishusha. Nusu saa kabla, kwa kawaida hutolewa parasetamoli gramu 1, dawa ya mzio na methiliprednisoloni mg 100 ya mshipa. Dripu ya kwanza huanza kwa mg 50 kwa saa, ikiongezwa mg 50 kila nusu saa, isizidi 400. Kwa dozi ya mg 1,000 hiyo ni zaidi ya saa 4, basi usikubali ikimbizwe. Koo likianza kuwasha, hata kidogo tu, mwite muuguzi hapo hapo, usisubiri vipele wala kutetemeka. Dripu husimamishwa, na dalili zikiisha hurudishwa kwa nusu ya kasi.

Dozi zinazofuata huwa kila miezi 6, mara nyingi mg 500. Katikati hapo miguu ikilegea ghafla, pima mkojo kabla ya kukubali steroidi: mara nyingi ni UTI iliyoamsha dalili za zamani, na ikitibiwa nguvu hurudi.